Bi Mahbuba Afanya Kazi ya Mdudu

Jirani yangu Bi Mahbuba alikuwa na mstafeli mmoja tu, na wenyewe ulikuwa hauzai. Ulisimama ndani ya geti la nyumba yao ya Mabela, huku nchi ya Waarabu, mrefu kuliko ukuta, majani yanang'ara kama yaliyopakwa mafuta. Kila mwaka baridi ikianza kuondoka ulikuwa ukitoa maua, manene, rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano kidogo, mengine yakitokea kwenye shina lenyewe. Yakikaa siku mbili tatu, yanaanguka. Asubuhi utamsikia Bi Mahbuba anayafagia, huku anausema mti kwa sauti ya chini kama mtu anayemsema mkwe.

Mbegu aliileta mwenyewe. Mwaka 1997 alikwenda Unguja kumwangalia mama yake, na siku ya kuondoka mama akampasulia stafeli la uani kwao. Akala, mbegu akazifunga kwenye ncha ya mtandio. Hakumwona tena mama yake baada ya siku ile. Mbegu alizipanda kwenye makopo ya maziwa ya unga, zikaota tano, nne zikafa kwa jua la mwezi wa sita, ikabaki moja. Ndiyo huo mstafeli.

Mimi nilihamia Mabela mwaka 2000, Hadeel wangu ana miaka sita. Nyumba zilikuwa chache, mchanga mwingi, na watu hatujuani. Mtu wa kwanza kunigongea geti alikuwa yeye, na sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa.

"Hii sahani naitaka," alinambia hata kabla ya salamu. "Si kwamba nna uchoyo. Ukija kuirudisha ndo tutajuana."

Alikuwa amestaafu kazi ya ufarashi katika skuli moja ya wasichana kule Sib. Miaka ishirini alifagia madarasa na kufuta mbao. Skuli hakupata kusoma, lakini kusoma Kiarabu alikujua, na alijifunza kwenye kufuta huko huko. Walimu wakitoka alikuwa akifuta polepole, neno moja moja, mpaka alijue. "Miye nna elimu ya vumbi," alikuwa akisema. "Ya wenzangu imo kwenye shahada, yangu niliivuta kwa pua."

Mumewe, Mzee Hamoud, alikuwa mtu wa maneno machache na mitende miwili. Mitende ilikuwa nyuma ya jiko, mifupi, na yeye ndiye mwenye nayo, hakuna mwengine wa kuigusa. Mtoto wao wa mwisho, Nasr, alikuwa akifanya kazi uwanja wa ndege. Alilala ghorofani, na siku za mapumziko hakushuka mpaka adhuhuri.

Basi mwaka 2002 Nasr akanunua gari. Nyeupe, mpya, viti bado vimevaa nailoni. Gari ile ikawa inalala ndani ya geti, juani, na mahali pekee panapofaa kuiwekea kivuli ni pale penye mstafeli. Nasr akaleta nguzo nne za chuma akazilaza ukutani, chini ya mti wenyewe.

"Mama, gari inaiva," alisema. "Usukani haushikiki. Na huu mti, niambie, umetupa nini?"

"Umetupa maua."

"Maua ya kufagia!"

"Kwani unayafagia weye?"

Nasr akacheka, lakini nguzo hakuziondoa. Wakabishana siku nyingi, kwa mzaha na bila ya mzaha, mwisho akakata shauri: "Mama, nakupa mpaka Ramadhani ya mwakani. Likitoka stafeli, hata moja, nanyamaza maisha. Lisipotoka tunakata, tunamwaga zege, na weye huniombei msiba."

Bi Mahbuba akasema haya. Alipogeuka niliona anaushika mtandio wake pale kwenye ncha, pale alipozifunga zile mbegu, ingawa mtandio haukuwa ule.

Tukaanza dawa. Kwanza alisema ni jicho, kwa sababu mti uko getini na kila apitaye anausifu majani. Tukaufukiza ubani Ijumaa tatu, mimi nimembeba mwanangu mchanga, Loai, mgongoni anapiga chafya. Hamna. Halafu akakumbuka jinsi wazee wa kwao walivyokuwa wakiutisha mti usiozaa. Mmoja anashika shoka, mwengine anauombea.

"Mimi siwezi kuutisha, nimeulea," alisema. "Shoka utashika weye, Mama Hadeel."

"Mimi, Bi Mahbuba? Naona haya."

"Unauonea haya mti? Hebu shika! Na ukunje uso, ukicheka haitasihi."

Nikashika shoka. Nikasema kwa sauti kubwa, "Leo nakukata! Huna faida!" Na yeye akajitupa mbele, mikono juu: "Muwache, muwache mwanangu! Mwakani atazaa, mimi mdhamini wake!" Tukafanya mara tatu. Mara ya tatu nikamwona Mzee Hamoud kasimama mlangoni na kikombe cha kahawa, hata hanywi.

"Endeleeni," alisema. "Umeanza kutetemeka."

Mwezi wa pili wa mwaka 2003 maua yakaanza kutoka, na kila lililofunguka likaanguka.

Sasa, mwezi wa tatu skuli ya Hadeel ikatangaza siku ya maonyesho. Kila darasa lipigiwe kura nchi moja, watoto watengeneze meza ya mimea na wanyama wa nchi ile. Wenzake walipata Japani, wengine Misri. Darasa la Hadeel likapata Kosta Rika. Mtoto akarudi nyumbani analia.

"Hata haijulikani iko wapi, mama! Watatucheka."

Na mimi pia sikujua iko wapi. Asubuhi ya pili yake nikampeleka kwa Bi Mahbuba, maana yeye vitu vya skuli alivipenda kuliko watu waliosoma. Mwalimu wao, Ustadha Ibtihal, alikuwa amewapa karatasi za Kiarabu zenye picha. Tukakaa barazani, Hadeel akawa anasoma kwa Kiarabu na kutueleza kwa Kiswahili, na Bi Mahbuba anamsahihisha.

Ni nchi nyembamba, ilisema karatasi, bahari huku na bahari huku, na katikati msitu unaonyeshewa na mvua karibu mwaka mzima. Kuna ndege ana mdomo mkubwa karibu kama mwili wake, wa rangi rangi, kama ndizi waliyoichezea watoto na kalamu. Kuna sisimizi wanaokata majani, kila mmoja kabeba kipande chake juu kama mwavuli, wanakwenda kukioteshea kuvu wanazokula. Kuna chura wa kijani, macho mekundu.

"Mekundu hivi?" Bi Mahbuba aliisogeza picha. "Maskini, huyu kafiwa au ana mtoto mchanga?"

Kuna kindege kama chozi wetu, yule mnyonya maua, lakini mdogo zaidi, anasimama hewani mbele ya ua, anakunywa asali bila kutua. Na kuna mnyama mmoja wa manyoya, makucha marefu, ananing'inia juu ya mti mgongo chini. Hana haraka na dunia. Anakula majani, analala, na hushuka mtini mara moja tu kwa wiki kwenda haja.

Bi Mahbuba akatazama dirisha la juu. Ilikuwa Alkhamisi, siku ya mapumziko.

"Nasr!" aliita. "Nasr, mwanangu! Wamekuandika!"

Tangu siku ile Nasr akawa anaitwa Mkosta Rika.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mimea. Hadeel akasoma: mapapai, mapera, pilipili, muhogo, kakao, vanila, mastafeli, asili yao ni upande huo huo wa dunia, Kosta Rika na majirani zake.

Bi Mahbuba akamkatiza. "Rudia hapo."

"Mastafeli, Bibi."

"Stafeli la kwetu? La Unguja?"

"Imeandikwa hapa."

"Nani kaandika? Anaitwa nani huyo?" Akainuka, akatazama uwanja wake. Mpapai ule pale. Mpera huu. Pilipili mbuzi kwenye ndoo mbovu. Muhogo kando ya bomba. Akatia mkono kiunoni. "Ala! Miaka yote nadhani nimepanda Unguja hapa Mabela, kumbe nimepanda Kosta Rika!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikadhani atahuzunika, kwa jinsi alivyoupenda ule mti kwa ajili ya mama yake, lakini hakuhuzunika. Alisema, "Basi na Unguja ulikuwa mgeni kama mimi hapa. Na ukazoea." Kisha akamwambia Hadeel aendelee.

Hadeel akaendelea. Karatasi ilisema mastafeli ya kule huzalishwa na vidudu vidogo vyenye mgongo mgumu. Ua likifunguka kidogo vinaingia ndani, vinajipaka unga wake, kisha vinakwenda nao kwenye ua jingine. Bila ya unga ule kufika, ua huanguka.

Hapo Bi Mahbuba akainua kichwa. Mimi nilikuwa namnyonyesha Loai, nikamwona anaangalia mbali, si kwenye karatasi. Alikuwa anamwangalia mumewe. Mzee Hamoud ndiyo kwanza anatoka nyuma ya jiko na ngazi begani, maana ulikuwa wakati wa kuitia mitende, na mkono wa kanzu yake ulikuwa mweupe kwa unga wa mtende dume.

"Baba Nasr," alimwita taratibu. "Huko juu kila mwaka unafanya nini?"

"Hujui? Nnatia mitende. Nnachukua maua ya dume nnayafunga kwenye ya jike."

"Na ukiiwacha wenyewe?"

"Itazaa tende zisizo koko, hata mbuzi atakutemea."

"Kwa nini hukunambia?"

"Nikwambie nini?"

"Kwamba mti hutiwa kwa mkono!"

Mzee Hamoud akaweka ngazi chini. "Mama Nasr, mtende ni mtende. Nani kasikia mtu anatia stafeli?"

Na ni kweli. Kwao Unguja stafeli hukaa nyuma ya nyumba, mtu anakwenda kuchuma tu, kazi vidudu vimeshaifanya. Hapa kila mwezi wa tatu mwanamme anapanda ngazi na unga mkononi, na mkewe anamshikilia ngazi, anamwambia asianguke. Kila mwaka alishikilia ngazi ile, na hatua thelathini nyuma yake mti mwengine unalia njaa ya kitu kile kile. Sisi tukaufukiza ubani, tukautishia shoka.

"Hadeel," alisema Bi Mahbuba, "una brashi ya rangi?"

Maonyesho yalikuwa Jumatano na meza ya Kosta Rika ilijaa. Tulimshona yule mnyama mvivu kwa blanketi la kahawia la Loai, tukamning'iniza kwenye mpini wa ufagio. Bi Mahbuba alileta mapapai, mapera, tawi la muhogo, pilipili, na ua moja la mstafeli kwenye bakuli la maji. Akakaa nyuma ya meza kwenye kiti cha mtoto, kanga imefungwa vizuri, na kila mama aliyepita alimweleza habari za vidudu kama aliyetoka huko jana. Mama mmoja akamuuliza, "Umepata kuishi Kosta Rika?"

"Bado naishi," alijibu.

Lakini kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Siku za mwanzo alisugua brashi ndani ya kila ua, na kila ua likaanguka vile vile. Nasr anatoka kazini, anamkuta mama yake kichwa kimo ndani ya majani.

"Asalaam alaykum, Mdudu."

"Waalaykum salaam, Mvivu. Leo si siku yako ya kushuka."

Bi Mahbuba hakukasirika na hakuacha. Alileta kiti akakaa mbele ya mti asubuhi na alasiri, kama alivyokuwa akisimama mbele ya ubao, anasoma polepole. Baada ya wiki tatu alinigongea geti alfajiri, hata sijafunga mtandio sawasawa.

"Nimelijua! Ua hili ni jike na dume, lakini si kwa wakati mmoja. Likianza kufunguka, ndani linanata, linataka unga, na wake bado haujaiva. Unga ukija kumwagika, kunata kumekwisha. Halijisaidii lenyewe! Lazima utoe la leo ulitie la kesho."

Tukatafuta kikopo cha filamu ya kamera. Asubuhi mapema alipukutisha unga wa maua yanayotaka kuanguka, akautia kikoponi, na yaliyoanza kufunguka akayapaka kwa brashi ya Hadeel, pole pole, huku anasema bismillahi. Unga uliobaki ukawekwa kwenye friji karibu na mtindi. Siku moja Nasr akakifungua kikopo, akaunusa, akamwaga kidogo kwenye chai akidhani ni iliki.

"Sasa utazaa weye," mama yake alimwambia.

Mwisho wa mwezi wa nne maua tisa hayakuanguka. Yaliacha majani yao, na katikati pakabaki kitu cha kijani kama ncha ya kidole, kina miba laini. Bi Mahbuba alinishika mkono akanipeleka mbele ya kila kimoja, akanionyesha kwa kidevu. Kwa kidole hakutaka, asije akayatia jicho.

Joto likaja. Ukiishi Mabela unajua mwezi wa sita ulivyo, upepo wa gharbi ukivuma ni kama mtu kafungua tanuri usoni pako. Katika tisa yakabaki manne. Mwezi wa saba yakabaki mawili. Bi Mahbuba akafunga magunia mabichi kwenye shina, akayamwagia maji asubuhi na jioni. Siku moja nikakuta na wavu wa kijani umetandazwa juu ya mti, ule wa kuzuia jua, umefungwa kwenye nguzo mbili za chuma zilizosimamishwa mchangani.

"Nani kaufunga?"

"Sijui," alisema Bi Mahbuba, lakini midomo ilikuwa inacheza. "Nguzo zimesimama zenyewe."

Nilipomwangalia Nasr alisema ameziweka kwa sababu zilikuwa zinaota kutu chini. "Ahadi iko pale pale," aliongeza. "Ramadhani."

Mwezi wa nane moja likaanguka usiku, likiwa bado gumu. Asubuhi hakulifagia. Alilifukia chini ya mti wenyewe, akaja kwangu kunywa chai, na siku ile hakufanya mzaha.

Likabaki moja, kubwa kama kichwa cha mtoto wa mwaka. Bi Mahbuba akalivisha fulana ya zamani ya Nasr, akaifunga chini kwa uzi ili ndege wasilidonoe. Watu wakipita getini wanamwona mtu kaning'inia mtini bila mikono. Mzee Hamoud naye akaanza kupita kila baada ya Alasiri, analipima uzito kwa kiganja bila kusema, kisha anakwenda zake msikitini.

Ramadhani ikaandama na stafeli bado gumu. Futari ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna. Nasr hakuuliza. Siku ya tatu jirani mmoja alileta fundi wa zege nyumbani kwake, na Nasr akaitwa aulizwe kama anataka naye wamtengenezee. Nilikuwa uani kwao tunakunja sambusa. Bi Mahbuba aliacha kukunja. Tukamsikia Nasr getini anasema, "Subiri kwanza. Mama yangu ana mgonjwa."

Siku ya tano, baada ya Adhuhuri, Bi Mahbuba aliivua ile fulana. Miba ya stafeli ilikuwa imeachana, rangi imepauka kidogo. Akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama. Alilipokea kwa mikono miwili kama anavyopokewa mtoto na mkunga, na mtu wa kulikata kikonyo alimwita Mzee Hamoud.

Alilimenya mwenyewe, akatoa koko moja moja, akaliponda na maziwa, sukari kidogo. Likatosha jagi moja. Tukakaa sote mkekani, mimi na wanangu pia, baba yao akiwa zamu. Adhana ikalia kutoka msikiti wa karibu, tukafungua kwa tende za mitende ya nyuma ya jiko, kisha Bi Mahbuba akamimina. Glasi ya kwanza alimpa Nasr.

Nasr akanywa. Akanywa tena, mpaka glasi ikabaki nyeupe pembeni. Akaiweka chini.

"Mama," alisema, "ndivyo lilivyokuwa la Bibi?"

Bi Mahbuba alionja lake, akafumba macho, akafikiri kwa haki. "La Bibi lilikuwa tamu zaidi," alisema. "Lakini Bibi hakuhangaika hivi."

Ijumaa ile, saa mbili ya asubuhi, nilisikia vyuma vinaburutwa. Nikatoka na Loai mkononi. Nasr alikuwa nje ya ukuta, upande wa barabara, kanzu kaikunja kiunoni, anachimba shimo la nguzo ya kwanza ya kivuli cha gari. Ndani ya geti Bi Mahbuba amesimama na brashi ya Hadeel nyuma ya sikio, anaangalia mti wake kama umeshatoa ua jingine.

Akaniona. Akanionyesha mwanawe kwa kidevu.

"Njoo umwite Hadeel aandike skuli," alinong'ona. "Mvivu kashuka mtini, na wala si siku yake."